Kanda ya Siku ya Kuezeka

3 Machi

Mdogo wangu,

Salamu utazipata nikipoa. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu nimechoka na simu yako. Kila nikipiga unasema, "Dada, imefika asilimia kumi na nane, nitakupigia," halafu hupigi. Karatasi huwezi kuikata. Nampa dereva wa basi la vifurushi, yule yule aliyekuletea zile kanda, na nikimwona nitamuuliza kama ulipokea.

Nilikutumia kanda kumi na moja za video mwanzoni mwa Februari. Leo ni wiki ya nne. Nimepata ngapi? Moja! Tena ile ya mahafali ya binti wa jirani, ambayo hata jirani mwenyewe haitaki.

Nakukumbusha, maana naona umesahau au unajifanya. Mama ana presha ya macho. Jicho la kushoto limekwisha. La kulia anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba, na daktari anasema hilo bomba linazidi kuwa jembamba. Mwisho wa Machi, akibahatika katikati ya Aprili, basi. Hakuna dawa ya kulirudisha. Mama hakulia. Aliuliza jambo moja tu: "Nitamwona baba yenu tena kabla?"

Anataka kanda ya saba, ya siku tuliyoezeka nyumba, baba akiwa juu na nyundo yake. Baba yuko kaburini mwaka wa sita huu, na hakuna kanda nyingine inayomwonyesha uso kwa karibu. Kwenye zile nyingine kazi yake ilikuwa kuikimbia kamera.

Deki yetu ilikufa zamani. Wewe ndiye fundi video, wewe ndiye uliyesomea. Basi fanya kazi. Mama anauliza kila asubuhi kama basi limefika, na mimi nimechoka kusema bado.

Dada yako


8 Machi

Dada,

Shikamoo, hata kama hutaki kuiitikia.

Unadhani kugeuza kanda ni kama kupiga pasi. Kanda moja ni saa mbili, na lazima nikae nayo saa hizo hizo mbili ikicheza kwenye deki hadi iingie kwenye kompyuta. Hiyo nimeshamaliza kwa zote kumi na moja, ila hukuuliza. Baada ya hapo picha inatoka na mistari kama meno ya chanuo kila mtu anaposogea, lazima niiunganishe. Kuna chembechembe za uchakavu, lazima nizichuje. Mwisho naibana, maana faili lilivyo sasa haliingii kwenye flashi yoyote uliyo nayo, na televisheni yako hata haitalifungua.

Programu ya kubana inauliza: unataka haraka au polepole? Nimechagua polepole kuliko zote, na ipite mara mbili, ya kwanza kukagua, ya pili kubana. Kanda moja inachukua saa thelathini na tisa. Na mwenye studio ameniachia kompyuta moja tu, ile kongwe ya pembeni, zile nzuri ni za wateja. Sasa nifanye nini, niisukume?

Halafu kumbuka kikaratasi ulichobandika juu ya boksi kwa mwandiko wako: "Nisione hata ukope umepotea." Basi ukope haupotei. Haraka haraka haina baraka.

Mwambie Mama namsalimu.

Mdogo wako


12 Machi

Wewe,

Unaniambia mimi haraka haraka haina baraka? Na mimi nakwambia ngojangoja huumiza matumbo. Jana Mama alimimina chai mezani, pembeni ya kikombe, halafu akanigombeza kwamba kikombe nimekisogeza. Sikukisogeza. Nilifuta meza, hasira zote nikakuwekea wewe.

Sijui kompyuta, lakini kazi ya mikono naijua. Mteja akiniletea kitambaa nisichowahi kukishona, sishoni suti nzima ndipo nijue kama uzi unakifaa. Nakata kipande cha pindoni, pale penye usumbufu zaidi, napitisha mishono mitano tofauti, nakivuta, nakigeuza, nakipeleka dirishani nikitazame kwa jua. Dakika kumi najua. Wewe unashona suti nzima kwa saa thelathini na tisa halafu ndipo unaangalia kama imekaa!

Na hilo neno polepole. Umeona kwa macho yako kwamba ni bora kuliko mengine, au umelipenda tu jina lake? Jibu hilo kwanza. Mtu anaweza kuwa mvivu na bado akajiita makini.

Ukimaliza kukasirika, anza na ya saba.

Dada yako


17 Machi

Dada,

Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nikakata kipande.

Nilichukua dakika moja tu ya kanda ya tano, ile ya mvua, watoto wanakimbia uwanjani na nyuma yao majani yanapepea. Picha iliyobanwa huharibika kwanza penye mwendo mwingi na penye giza, kwa hiyo nilisema ikistahimili hapo itastahimili popote. Nikaibana kwa njia sita. Fundi mwenzangu, huyu tunayemwita Miwani, akaficha majina, tukazisimamisha zote mahali pamoja kwenye kioo kikubwa. Ile ya haraka kabisa ilijulikana mara moja: mashavu ya watoto yana mabaka, mvua imekuwa uji. Lakini ya wastani na ya polepole kuliko zote hatukuweza kuzitofautisha, si mimi wala yeye, na Miwani ana macho ya kutafuta kasoro mpaka kwenye sahani ya mkewe.

Ya wastani inachukua sehemu moja kati ya sita ya muda. Sijawahi kupima, Dada. Miaka yote hii nimekuwa nikichagua polepole kwa sababu niliona mkubwa mmoja anafanya hivyo.

Nikaendelea. Kule kupita mara mbili kunasaidia tu ukitaka faili liwe na ukubwa fulani kamili. Sasa naiambia programu ishike ubora huu, ukubwa uje wenyewe, na inapita mara moja. Kichujio cha chembechembe kilikuwa kinakula muda mwingi na kumbe kilikuwa kinafuta hadi maua ya vitenge, nimekipunguza kabisa. Nimekata ile mipaka myeusi ya pembeni. Nimeacha kusoma na kuandika kwenye diski ile ile moja. Na kwa kuwa picha za kanda ni ndogo, mashine ilikuwa inalala nusu, kwa hiyo nazifanya kanda mbili kwa pamoja.

Saa thelathini na tisa zimekuwa tatu kasoro. Mafaili yameongezeka ukubwa kidogo, ndiyo maana unapata flashi mbili badala ya moja.

Asante sikupi, maana umeniita mvivu. Humu kuna kanda ya pili hadi ya sita, maana ya kwanza ni ile ya mahafali uliyokwisha kuipata. Ya saba ina matatizo, inahitaji muda wake.

Mdogo wako


26 Machi

Mdogo wangu,

Picha ni safi, hilo sikunyimi. Mama alilitambua gauni nililomshonea shangazi, akahesabu na vifungo. Alikaa mbele ya televisheni umbali wa kiganja, kichwa amekiinamisha upande, maana lile bomba lake sasa limebaki pembeni. Alicheka. Akamwona bibi akipepeta, akamwona mjomba akiwa na nywele. Kisha akasema, "Haya, sasa niwekee baba yenu."

Nikasema inakuja.

Leo kifurushi chako kingine kimefika. Nimekifungua kwa meno. Ya nane, ya tisa, ya kumi, ya kumi na moja. Huko kwenu baada ya sita inakuja nane? Umenitumia saa mbili nzima za mkutano wa chama cha mafundi seremala, watu wanainua mikono na kuishusha, na ya saba hakuna!

Umeandika mwenyewe: saa tatu kasoro. Huwezi kuniambia tena habari ya mashine. Mashine umeishinda. Kuna kitu unanificha. Umeipoteza? Imeliwa na deki? Umeirekodia juu harusi ya mteja? Sema, nitakutukana mara moja yaishe. Lakini usiniache nimwambie Mama "inakuja" kila asubuhi huku namwona anapapasa ukuta kutafuta mlango wa chumba alicholala miaka ishirini.

Leo ameniuliza kama umeme umekatika. Haukuwa umekatika.

Dada


4 Aprili

Dada,

Hii hapa ya saba. Picha imetoka vizuri kuliko zote, uso wa baba unaonekana mpaka kovu la kidevuni. Sauti ilikuwa na mvumo mbaya sana, imebidi niiondoe. Si kitu, Mama alitaka kumwona.

Mdogo wako


10 Aprili

Nasema na wewe bila salamu.

Kifurushi kilifika Jumatatu. Nilifunga duka, nikamkalisha Mama karibu kabisa, pua inakaribia kugusa kioo. Nikaweka. Baba akatokea juu ya paa, shati wazi, misumari mdomoni. Mzima kama yuko chumbani. Mimi nililia. Mama akageuza kichwa huku, akakigeuza kule. Akasema, "Naona mwanga. Naona kitu kinasogea kwenye mwanga." Kisha akasema, "Ongeza sauti."

Nikaongeza. Akasema, "Ongeza bwana, simsikii." Nikaongeza mpaka mwisho. Nikazima televisheni nikawasha. Nikachomoa waya nikachomeka. Yeye amekaa, mikono magotini, anangoja mumewe aseme. Nikalazimika kumwambia hakuna sauti. Akaniomba nimpeleke kitandani, saa nne asubuhi.

Sasa nisikilize. Ile kanda haina mvumo. Niliitazama na baba mwenyewe kabla deki haijafa. Sauti ilikuwa safi, nyundo zinasikika, jogoo anasikika, mpaka mtoto wa jirani anadai maziwa. Baba alicheka akapiga goti. Kwa hiyo umenidanganya. Umemkata baba ulimi ukanitumia kwenye bahasha!

Wiki mbili mapema Mama angemwona. Wiki mbili! Ulikuwa nayo, ulikuwa na saa tatu kasoro zako, ukaikalia. Nataka sababu, na isiwe ya kompyuta.

Mwenye duka la cherehani, kwa sababu leo sijui kama nina mdogo


13 Aprili

Dada,

Unataka sababu. Haya.

Unakumbuka baba alicheka. Hukumbuki alikuwa anacheka nini, maana si wewe uliyechekwa. Nani alikuwa ameshika kamera siku ile? Mimi. Miaka kumi na tano, kamera ya kuazima kwa mjomba. Dakika ya ishirini na mbili nikamsogelea, ndiyo maana uso wake uko karibu hivyo. Akatema misumari akasema, na watu wote wa kuezeka wakisikia: "We, weka hilo dude chini uje ushike mbao! Utakula picha? Huyu Mungu alimpa macho akasahau kumpa mikono."

Paa zima likacheka. Na kicheko kinachosikika kuliko vyote, Dada, kimesimama karibu na kamera kabisa, ni cha Mama.

Nina miaka kumi na tisa katika kazi hii. Kila niliposhika kamera nimeisikia ile sentensi. Baba alikufa hajafuta neno. Wewe unanitumia kanda, unasema safisha, usipoteze ukope, na ili niisafishe inabidi niicheze dakika ya ishirini na mbili tena na tena. Ile polepole ilinifaa. Kanda moja siku mbili, ya saba ingechelewa kufikiwa. Halafu ukanifundisha kufanya haraka na nikabaki bila pa kujificha. Ndipo nikabonyeza kitufe, nikaizima sauti.

Sikujua macho ya Mama yamefika pale. Hapana, nilijua. Uliniandikia katika kila barua. Nilikuwa na hasira naye, nikajiambia atamwona tu, inamtosha.

Sasa nitukane.

Mdogo wako


18 Aprili

Mwanangu,

Anayeandika ni dada yako, anayesema ni mimi, na nimemkataza kupamba. Amenisomea barua yako mara mbili. Alitaka kuruka mahali, nikamfinya.

Nilicheka, ndiyo. Baba yako akipandwa na hasira akiwa na nyundo mkononi, kulikuwa na njia moja ya kumzuia asishuke, nayo ni mtu kucheka kabla yake, ili na yeye aone amesema jambo la kuchekesha. Ningenyamaza angeshuka, na ile kamera ya watu angeivunja, na wewe sijui. Nimemchekea hivyo miaka thelathini na moja. Kicheko kile kilikuwa kazi, kama kufua.

Lakini wewe hukuniuliza. Miaka kumi na tisa unakuja, unakula, unaniaga, umekiweka kicheko changu moyoni kama deni, na hujafungua mdomo. Mimi ningejuaje?

Na sasa sikiliza, maana nimekasirika kuliko dada yako, yeye hupiga kelele tu. Yule alikuwa mume wangu. Alikuwa na mdomo mchafu, najua, niliishi nao mimi. Nani amekutuma unichagulie kipande gani cha mume wangu nibaki nacho? Uso umeninyima kwa kuchelewa. Sauti umeninyima kwa kusudi. Ulidhani nataka baba mzuri? Nataka yule niliyekuwa naye.

Uso hautarudi, na hilo sijakusamehe bado. Naomba nisiharakishwe. Sauti irudishe, yote, na matusi yake.

Mama yako

(Amesema pia nisiandike kwamba alilia. Nimeandika. Dada.)


20 Aprili

Mama,

Shikamoo.

Sauti hii hapa. Sijaichuja, sijakata kitu, hata kikohozi cha mjomba kimo. Nimekuwekea peke yake bila picha, ili dada aicheze hata kwenye redio ile ndogo ya dukani.

Sauti si nzito kama picha. Kuitoa ya kanda nzima kumechukua sekunde arobaini. Niliangalia saa. Miezi miwili nimehangaika na picha, Mama, na hiki ulichokuwa unakihitaji kilikuwa sekunde arobaini.

Sina la kujitetea.

Mwanao


25 Aprili

Mdogo wangu,

Niliweka redio juu ya meza ya cherehani, Mama akavuta kiti. Zikaanza nyundo. Akainua kidole: "Huyo ni baba yenu, anapiga mbili halafu moja." Mimi sikuwahi kujua kwamba baba alikuwa na mpigo wake.

Dakika ya ishirini na mbili ikafika. Baba akasema aliyoyasema. Watu wakacheka, Mama wa kwenye redio akacheka, na Mama wa kwenye kiti hakucheka. Akaiinamia redio akasema, "Mikono! Wewe unataja mikono? Lile bati la juu ya kitanda ulilipigilia wewe, na mpaka leo linavuja, mwongo mkubwa! Mwache mtoto!" Alipiga meza hadi kopo la vifungo likaanguka. Kisha akasema, "Rudisha nyuma." Tulirudisha mara tisa. Kila mara alimjibu, na kila mara jibu lilikuwa kali kuliko la mwanzo. Mteja aliingia kuchukua sketi yake, akatoka bila sketi.

Alipochoka akataka niwashe picha pamoja na sauti, nimwambie kilichomo. Nikajaribu. Nikasema baba amevaa shati lililokatwa vibaya begani. Akasema, "Sikuulizi shati! Anamtazama nani anaposema hivyo? Uso umekaaje?" Nikasema umekaa tu, uso wa baba. Akanikasirikia mimi sasa, baada ya yote niliyofanya! Mimi nikitazama mtu naona mishono, ndivyo nilivyo.

Akaegemea kiti. Nilidhani amelala. Kisha akasema niandike hivi, neno kwa neno: "Mwambie baba yake alisema hana mikono, ana macho tu. Basi ayalete hayo macho, anionee. Mikono mimi ninayo."

Bado nimekukasirikia na yeye bado amekukasirikia, usije hapa na sura ya mgeni ukitegemea tumesahau. Basi linatoka kwenu Ijumaa saa moja asubuhi. Dereva ameshaambiwa. Usinijibu kwa barua.

Dada yako